Leseni Bila Shabaha

Usiku mmoja wa msimu wa mavuno uliopita, mjomba wangu alifyatua risasi moja uani kwake, Ivuna. Alisikia ng'ombe wakihangaika zizini na mbwa wakibweka, akatoka na tochi katika mkono wa kushoto na bastola katika mkono wa kulia, akaona kitu kikijipenyeza kwenye ua wa miiba, akafyatua. Kitu kile kilikuwa fisi au kilikuwa mwizi. Hadi leo hajui, maana kilitoweka. Risasi haikutoweka. Asubuhi ilikutwa imetoboa dirisha la mbao la nyumba ya jirani, hatua sitini hivi kutoka zizini, upande ambao mjomba anaapa hakuuelekea kabisa, na imezama katika gunia la mpunga lililosimamishwa kando ya kitanda cha watoto wawili.

Aliripoti tukio hilo asubuhi ile ile, kama inavyompasa mwenye silaha. Alimwendea jirani yake mwenyewe, akaketi, akaomba radhi mbele ya wazee. Kisha akanipigia simu. Baada ya salamu alisema: "Mpwa wangu, wewe umesoma hadi mwisho wa kusoma. Hebu nieleze. Mimi nililenga uani. Imefikaje kwa jirani?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwuliza nami swali moja: tangu alipopewa leseni, mwaka 2012, amefyatua risasi ngapi? Alinyamaza kidogo, akahesabu. Mbili siku aliyoinunua bastola, alipooneshwa namna inavyofanya kazi. Moja mwaka mpya fulani, jambo ambalo hakupaswa kulifanya na ambalo analijutia. Na hii ya juzi. Risasi nne katika zaidi ya miaka kumi. Huyu ni mzee mwadilifu, mfanyabiashara wa mpunga na ufuta anayepandisha mzigo kutoka bonde la Rukwa hadi Tunduma na kurudi na fedha taslimu, mtu ambaye karatasi zake zote zimekamilika. Mwaka 2016, wamiliki wa silaha walipotakiwa kuhakikiwa nchi nzima, naye alikwenda. Namba iliyochongwa kwenye bastola ililinganishwa na namba iliyoandikwa kwenye kitabu, zikaoana, akarudi nyumbani ameridhika. Kilichohakikiwa kilikuwa chuma. Mkono unaokishika haukuhakikiwa na yeyote.

Nalileta jambo hili hapa, mahali ambapo tumezoea kujadili bajeti, katiba na uchaguzi, kwa sababu naamini ni swali la utawala kabla halijawa swali la silaha. Dola inapompa raia kibali cha kubeba chombo cha kuua, imemkabidhi kipande cha mamlaka yake yenyewe. Je, inaweza kumkabidhi kipande hicho kisha isimwulize tena kama anakiweza? Dereva wa lori anayepita Tunduma hupimwa kabla ya kupewa leseni, na askari wa usalama barabarani humsimamisha kila baada ya kilomita chache.

Kizazi changu hakikupitia jeshini. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisitishwa 1994 na kurejeshwa 2013, kwa hiyo sisi tulioingia chuo kikuu katikati ya miaka hiyo tulimaliza masomo bila kushika bunduki. Mimi nilijifunza kulenga shabaha nikiwa mtu mzima, ugenini, nilipokuwa Ujerumani kwa masomo ya uzamivu. Rafiki yangu wa maabara ya jirani alinialika kwenye klabu ya kijiji chao, nikaenda kwa udadisi wa mtafiti, nikidhani nitakuta watu wenye jazba. Nilikuta wastaafu, mwalimu wa shule ya msingi, fundi bomba, na msichana mmoja wa miaka kumi na minane aliyetushinda sote. Wote walikuwa wakifyatua bastola ndogo za kaliba ya .22, yaani risasi yenye kipenyo cha milimita 5.6 tu.

Mkufunzi mzee alinipa somo ambalo sijalisahau. Alijaza magazini mwenyewe bila kunionesha, akachanganya risasi halisi na risasi bandia zisizo na baruti. Nilifyatua mbili vizuri. Ya tatu ilikuwa bandia. Nilipovuta kifyatulio hapakuwa na mlio, lakini mtutu ulizama chini kama mtu aliyeinama kupiga chafya, na macho yangu yalikuwa yamefumbwa. Sikuwa nimelenga chochote. Nilikuwa nimejikunyata kuusubiri mlio. Mzee yule alicheka, akasema kwamba hivyo ndivyo watu wanavyokosa shabaha, na kwamba jicho la mtu halina kosa katika jambo hilo.

Nilipomkumbuka mzee huyo ndipo nilipopata jibu la mjomba. Bastola yake ni ya milimita 9, risasi yenye uzito wa karibu gramu 8, inayotoka mtutuni na nishati ya joule 450 hadi 500. Mlio wake ni mkali na teke lake si dogo kwa mtu asiyelizoea. Mwili wa binadamu una akili yake: ukishajua kuwa kishindo kinakuja, hujikaza kabla hakijafika. Mkono husukuma, kiganja hubana, mtutu huhama. Kuhama kwa nyuzi mbili tu mkononi huwa karibu mita moja na nusu katika hatua sitini. Ongeza giza, tochi katika mkono mwingine, moyo unaokwenda mbio. Dirisha la jirani halikuwa mbali na shabaha hata kidogo.

Dawa ya kujikunyata ni moja tu, nayo ni wingi wa marudio. Hapo ndipo uchumi unapoingia. Mtu hawezi kujifunza kwa risasi ambazo anazihesabu kama vito. Risasi ya .22, kwa kawaida ya soko la dunia, huuzwa kwa robo hadi theluthi ya bei ya risasi ya milimita 9. Sababu yake iko katika umbo. Katika risasi nyingi kubwa, kiwashio ni kifuko kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Katika .22, kemikali ya kuwashia imetandazwa ndani ya ukingo wenyewe wa kitako, na pini hugonga ukingoni. Ganda ni jembamba, hakuna kifuko cha kupachika, na kipande cha risi ni cha gramu 2.6 hivi. Muundo huu tunaoutumia leo ulianza Marekani mwaka 1887 na haujabadilika sana tangu hapo. Gharama yake ni kwamba ganda halijazwi tena likishatumika, na kwamba mara moja moja risasi hukataa kuwaka. Ikikataa, mshikaji hukaa ameelekeza mtutu kwenye shabaha kwa nusu dakika nzima kabla ya kuigusa, maana huweza kuchelewa na kulipuka. Nishati ya risasi hiyo ikitoka kwenye bastola ni joule 120 hadi 150. Kwa hiyo teke lake ni kama kusukumwa na mtoto, na mwili hauna cha kuogopa. Mtu hubaki na macho wazi, akaona vilengeo vyake vikiwa wapi wakati kifyatulio kinapoachia. Huo ndio ujuzi, na ukishaupata katika silaha ndogo, sehemu kubwa yake huhamia katika silaha kubwa.

Mjomba aliponisikiliza hadi hapo aliuliza swali la mfanyabiashara: "Basi ninunue ipi?"

Nitalijibu swali hilo kwa ukamilifu, kwa sababu najua wapo miongoni mwa wasomaji watumishi wenye bastola za serikali au za kwao ambao wamejiuliza vivyo hivyo. Kwa mazoezi, chagua bastola nzito kuliko unavyodhani. Ile ndogo inayoingia mfukoni ndiyo ngumu kuliko zote kujifunzia: mtutu wake mfupi hufanya vilengeo vya mbele na nyuma vikaribiane, na kosa dogo la jicho huwa kubwa shabahani. Mtutu wa inchi tano na nusu hivi unafaa. Vilengeo viwe vya kurekebishwa, kifyatulio kiwe laini na kiachie mahali pamoja kila mara. Bastola za familia ya Ruger, ambazo zilianza kuuzwa 1949, zimefundisha watu wengi duniani kwa sababu hizo. Matoleo ya zamani yana sifa mbaya ya kumshinda mtu kuyaunganisha tena baada ya kuyasafisha, tatizo lililoondolewa katika toleo la nne la mwaka 2016 ambalo hufunguka kwa kitufe kimoja. Browning Buck Mark ni ya ukoo huo huo wa fikra.

Njia ya pili, ambayo mimi ninaipendelea kwa mtu aliye tayari na bastola yake, ni kutafuta ya .22 yenye umbo lile lile la silaha anayoibeba. Glock wametengeneza namba 44 yenye ukubwa wa Glock 19. Kwa CZ 75 kuna sehemu ya juu ya kubadilisha, iitwayo Kadet, inayoigeuza bastola ile ile kuwa ya .22 na kuirudisha tena. Mkono hujifunza mpini ule ule, na vidole hukutana na vitufe mahali vilivyozoea. Rivolva nayo si ya kudharauliwa: haichagui risasi, na risasi iliyokataa kuwaka haisumbui, unavuta tena na silinda inazunguka. Kwa upande wa bastola za magazini, jaribu risasi za aina mbili tatu kabla ya kununua sanduku zima, kwa maana bastola nyingi za .22 hula aina moja na kuitema nyingine. Nunua magazini ya ziada mapema. Vifuniko vya masikio ni lazima hata kwa mlio huu mdogo, na baada ya mazoezi nawa mikono kabla ya kula, kwa kuwa nyingi za risasi hizi ni risi tupu na vumbi lake ni sumu.

Baada ya maelezo yote hayo nilimwambia mjomba asinunue.

Aliona nimemchezea shere. Lakini leseni kwetu hutolewa kwa silaha mahususi na kwa sababu mahususi. Maombi hupanda kutoka serikali ya kijiji hadi kata, wilaya na mkoa kabla ya kumfikia msajili, na ni sawa kuwa hivyo. Bastola ya pili ndani ya nyumba ile ile ya Ivuna ingekuwa kitu kingine cha kufungia, cha kuibwa, cha kuchezewa na wajukuu. Tena, hata akipata, ataifyatulia wapi? Bondeni? Watu husikia kwamba .22 ni ndogo wakadhani ni mchezo. Risasi hiyo ikielekezwa juu kidogo huweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Robert Kennedy aliuawa mwaka 1968 kwa rivolva ya .22. Bonde la Rukwa ni tambarare, lina wachungaji, lina wanaochota chumvi katika mashapo ambayo watu wameyachimba kwa zaidi ya miaka 600. Hakuna pahala tupu pale.

Pendekezo langu, basi, si kwa mjomba. Ni kwa wanaotunga sera. Kila mkoa uwe na uwanja mmoja wa shabaha unaosimamiwa na polisi, wenye tuta la udongo la kutosha, na bastola chache za .22 zinazolala ghalani la polisi. Hazimilikiwi na mtu. Mwenye leseni anakwenda, analipia risasi zake hamsini, anafyatua chini ya macho ya mkufunzi, anaondoka bila kitu mfukoni. Leseni yake ihuishwe kwa sharti kwamba amehudhuria idadi fulani ya mara kwa mwaka na kufikia kiwango fulani. Asiyefikia apewe muda. Akishindwa tena, silaha ibaki ghalani. Tuna Shirika la Mzinga pale Morogoro, lenye uzoefu wa miongo mingi wa kutengeneza risasi. Sioni sababu ya kushindwa kuuliza kama risasi ndogo ya mazoezi inaweza kuwa sehemu ya kazi yake.

Si wazo geni. Ujerumani, mtu anayetaka silaha ya michezo hukaa kwanza miezi kumi na miwili ndani ya klabu, akifyatua mara kwa mara silaha za klabu, kabla hajaruhusiwa kununua yake. Umri wa kawaida ni miaka 21, lakini sheria yao inakubali miaka 18 kwa silaha za .22 zisizozidi joule 200, kwa sababu inatofautisha chombo cha kujifunzia na chombo kingine. Afrika Kusini, sheria yao ya mwaka 2000 haimpi mtu leseni ya silaha kabla ya cheti cha umahiri. Tanzania yenyewe ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004. Misingi ipo. Uwanja ndio haupo.

Wapo wenzangu wanaharakati watakaosema ninataka kuwazoesha raia bunduki. Naielewa hofu yao, na kwa sehemu ni yangu. Nchi ambayo mwaka 2017 ilishuhudia mbunge akimiminiwa risasi mchana huko Dodoma haina haja ya kupenda silaha. Lakini pendekezo hili lingepunguza silaha majumbani, kwa kuwa wengi waliozinunua kwa ufahari wangezirudisha mara tu wanapotakiwa kutoa jasho kwa ajili yake. Na halipaswi kuishia kwa raia. Tarehe 16 Februari 2018, Kinondoni, risasi wakati polisi wakitawanya waandamanaji ilimpata mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyekuwa ameketi ndani ya daladala, akafa. Sitaki kulifanya kosa lile kuwa la shabaha peke yake. Lilikuwa na maswali makubwa zaidi ya nani aliamuru nini. Hata hivyo, anayelipwa na umma kubeba silaha anastahili kuulizwa swali nililomwuliza mjomba, na walinzi wa benki zetu, wengine wazee waliokumbatia bunduki mapajani tangu asubuhi, waulizwe nao. Umefyatua ngapi?

Lipo jambo jingine linaloniudhi, na sina budi kulisema. Kule kwetu, mkulima akikutwa na gobore alilolifua mhunzi wa kijiji, la kufukuzia nguruwe pori kwenye mahindi, hupelekwa mahakamani, na pengine gerezani. Sheria ni sheria, silitetei gobore. Ni chombo cha hatari hata kwa mwenye kulishika. Ila mkulima yule analitumia kila msimu na anajua linapiga wapi. Tajiri mwenye leseni hajui bastola yake inapiga wapi, na huyo ndiye tunayemwita mmiliki halali. Uhalali unaopimwa kwa karatasi peke yake huwapendelea wenye nauli ya kuzifuatilia karatasi.

Wanaosema kuwa ustadi huu ni kipaji cha wachache wamkumbuke Károly Takács, askari wa Hungaria. Mwaka 1938, mwaka ule ule ambao kimondo kilianguka Ivuna tarehe 16 Desemba na kuifanya ijulikane kwa wanasayansi wa dunia nzima kuliko inavyojulikana Dar es Salaam, guruneti lilimharibu Takács mkono wa kulia aliokuwa akifyatulia. Alianza upya kwa mkono wa kushoto, kimyakimya. Alishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki ya bastola ya mita 25 London mwaka 1948, akairudia Helsinki 1952.

Mjomba yeye hana uwanja wala bastola ya .22, kwa hiyo nilimfundisha kitu ambacho hakihitaji kibali cha ziada. Kila jioni anatoa risasi zote, anaziweka chumba kingine, anaitazama chemba mara mbili, anamwita shangazi naye aitazame. Kisha anaelekeza mtutu kwenye ukuta mnene wa nyuma usio na mtu upande wa pili, shangazi anaweka sarafu ya shilingi 200 juu ya mtutu karibu na kilengeo cha mbele, naye anavuta kifyatulio taratibu. Bastola yake ya milimita 9 inavumilia zoezi hilo. Nyingi za .22 hazivumilii: pini isipokuta ganda hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu, hivyo mwenye nayo asiige.

Wiki ya kwanza sarafu ilianguka kila mara, na aliikasirikia sarafu. Jirani yake, yule wa dirisha, siku hizi huja kutazama, na watoto wake wamekatazwa kusogea. Juzi mjomba alinipigia akasema imekaa mara saba kati ya kumi. Nilimwuliza kuhusu zile tatu. Akasema katika zile tatu alifumba macho.